Chipu ijayo na tangi lililofurika

Niliamshwa alfajiri ya Jumapili na sauti ya jirani dirishani. "Baba Neema! Baba Neema! Tangi lako linamwaga, banda langu la kuku limekuwa bwawa!" Nikatoka mbio, taulo kiunoni, tochi ya simu mkononi. Maji ya bomba, ambayo mtaani kwetu huja usiku kama mgeni asiyetaka kuonekana, yalikuwa yamerudi. Pampu niliyoisahau ilikuwa imelijaza tangi la lita 2,000 hadi mdomoni na bado inasukuma. Nilizima swichi, nikaomba radhi, nikaahidi mfuko mmoja wa chakula cha kuku.

Kabla hajarudi ndani, Mama Zawadi aliuliza swali moja tu. "Si ulisema unatengeneza mtambo wa kuzima hiyo pampu?"

Nilisema, ndiyo. Nilisema tangu 2023. Vifaa vyote ninavyo, vimekaa kwenye kopo la biskuti juu ya kabati: swichi yenye boya, rilei, waya, na bodi moja ya kijani yenye urefu wa milimita 51 na upana wa milimita 21 inayoitwa Raspberry Pi Pico. Kazi yenyewe si ya kumtoa mtu jasho. Boya likipanda, bodi ihisi, rilei iachie, pampu izime. Basi. Mbona haikufanyika? Kwa sababu kila nilipolishika lile kopo, nilikumbuka kwamba chipu nzuri zaidi iko njiani.

Ugonjwa huu wa kungoja toleo jipya una wagonjwa wengi, na si wa simu peke yake. Nimeamua kuuandika kwa kirefu kwa sababu ndani ya miaka ile ya kungoja nimejifunza kitu kuhusu chipu ndogo ambacho wauzaji hawana haraka ya kutuambia.

Kwanza tuelewane tunazungumzia chipu gani. Si ile ya kompyuta wala ya simu. Hii ni mikrokontrola, kompyuta nzima iliyobanwa ndani ya kipande kimoja cha silikoni: kiini cha kufanya hesabu, kumbukumbu, na miguu ya kuhisi na kuamuru vitu vya nje. Imo ndani ya rimoti, mashine ya kufulia, alamu ya bodaboda, mizani ya duka, mita ya umeme. Haina kioo, mara nyingi haina mtandao, haikuombi nenosiri. Inapewa kazi moja na inaifanya hadi ife. Wataalamu wa lugha wangependa tuiite kidhibiti kidogo. Mafundi wa Kariakoo wanaiita "aisii" kama wanavyoita kila kitu cheusi chenye miguu, na maisha yanaendelea. Texas Instruments walianza kuziuza za kwao mwaka 1974. Ile ya Intel ya mwaka 1980, 8051, wajukuu wake bado wanatengenezwa hadi leo, jambo ambalo nitalirudia kwa sababu ndilo lililonifungua macho.

Chipu iliyonichelewesha mimi inatoka Cambridge, Uingereza. Kampuni ya Raspberry Pi ilijipatia jina Februari 2012 kwa kompyuta ya ukubwa wa kadi ya benki iliyouzwa kwa dola 35. Kwa miaka mingi kompyuta zile ziliendeshwa na chipu za Broadcom, kampuni ambayo mwanzilishi wa Raspberry Pi, Eben Upton, aliwahi kuifanyia kazi. Kisha tarehe 21 Januari 2021 wakaonyesha mikrokontrola iliyosanifiwa na wahandisi wao wenyewe, RP2040, ikiwa imechomelewa kwenye bodi ya Pico. Bei ya bodi: dola 4. Chipu peke yake: dola 1.

Wakati huo dunia nzima ilikuwa inalia na uhaba wa chipu. Mikrokontrola za kampuni kubwa zilizozoeleka zilikuwa zikiagizwa leo na kuahidiwa mwakani. Huyu mgeni wa dola moja alipatikana. Kwa vijana waliojifunzia kwenye bodi ya Arduino Uno, yenye kumbukumbu ya kilobaiti 2 na mwendo wa megahezi 16, RP2040 ilikuwa kama kuhama chumba cha kupanga na kukabidhiwa ufunguo wa nyumba nzima: viini viwili aina ya Cortex-M0+ kutoka Arm, megahezi 133, kilobaiti 264 za kumbukumbu.

Kilichonivutia mimi si ukubwa wa nyumba bali mlango wake. Upande mmoja wa Pico kuna kitufe cheupe kilichoandikwa BOOTSEL. Unakibonyeza, ukiwa umekishikilia unachomeka waya wa USB kwenye kompyuta, kisha unaachia. Kompyuta inaiona bodi kama flashi ya kawaida, jina lake RPI-RP2. Unaburuta faili la programu na kuliachia humo. Flashi inatoweka, nusu sekunde, na taa ya kijani ubavuni mwa bodi inaanza kukonyeza. Mtoto wa darasa la saba anaweza. Na kwa kuwa sehemu inayofanya kazi hiyo imechongwa ndani ya chipu na haifutiki, hakuna programu mbovu inayoweza kuiua kabisa. Nimejaribu mara nyingi, bila kukusudia.

Ndani yake kuna jambo jingine ambalo chipu za bei hiyo hazikuwa nalo. Pembeni ya viini viwili wameweka vibarua wanane. Ni mashine ndogo mno, kila kundi la wanne likigawana nafasi ya maagizo 32 tu, lakini kazi yao ni kuangalia miguu ya chipu na kuipandisha na kuishusha kwa wakati kamili bila kumsumbua bwana mkubwa. Ukitaka chipu iongee lugha ya kifaa ambacho wasanifu hawakukifikiria, unawaandikia vibarua maagizo machache na wanaikariri. Watu wameifanya itoe picha kwenye televisheni kwa njia hiyo. Kwa kupima maji ya tangi, vibarua wanalala tu.

Sasa tuje kwenye kungoja.

Jina RP2040 si namba ya kubuni. RP ni kampuni. 2 ni idadi ya viini. 0 ni aina ya kiini, yaani M0+. 4 inatokana na kumbukumbu: chukua kilobaiti 264, gawa kwa 16, kisha uhesabu 2 inajizidisha mara ngapi kabla ya kupita hapo, jibu ni mara 4. Sifuri ya mwisho inasema ndani hakuna hifadhi ya kudumu, kwa hiyo programu inakaa kwenye chipu nyingine ya jirani. Kampuni yenyewe ndiyo iliyochapisha ufunguo huu, na kwa kufanya hivyo ikawa imewapa wapenzi wake karata za kuchezea. Tangu siku hiyo hakuna baraza la mafundi ambalo halijakaa kutunga namba zijazo.

Agosti 2024 ikaja ya pili, RP2350, kwenye bodi ya Pico 2 ya dola 5. Soma jina: viini viwili, aina ya 3 ambayo ni Cortex-M33, na 5 kwa sababu kumbukumbu imefika kilobaiti 520. Waliokuwa wametabiri tarakimu ya kumbukumbu walipiga makofi. Hakuna aliyetabiri kilichokuwa kimejificha ndani. Kando ya viini vya Arm kulikuwa na viini vingine viwili vya RISC-V, muundo ambao hauna mwenyewe wa kudai ada, na mtumiaji anachagua wakati wa kuwasha aendeshe vipi. Vilisanifiwa na mhandisi wa kampuni hiyo, Luke Wren, nje ya saa za kazi, na michoro yake iko wazi kwa anayetaka. Anayejua kwamba Arm ni mwanahisa wa Raspberry Pi tangu Novemba 2023 ataelewa kwa nini nilicheka. Ni sawa na kumkaribisha mwenye nyumba chakula cha jioni, halafu mezani unamtambulisha kwa dalali wa kiwanja kingine.

Tena, walipotoa ndugu yake RP2354, yenye hifadhi ya megabaiti 2 ndani ya kasha lilelile, namba ya mwisho haikukubali kanuni ya zamani. Kwa kanuni ile ingekuwa 7. Walikuwa wamebadilisha kipimo kimyakimya, badala ya kugawa kwa 16 wanagawa kwa 128. Kwa hiyo msomaji anayetunga namba za chipu ya tatu ajue kwamba mwenye karata anaweza kubadilisha sheria katikati ya mchezo.

Basi Agosti ile nikalirudisha kopo juu ya kabati. Nani atumie chipu ya 2021 wakati mpya imetoka?

Wino wa matangazo haujakauka, wanunuzi wa kwanza wakaanza kulalamika kwamba kuna miguu inayokataa kushuka. Kasoro hiyo imeandikwa kwenye kitabu cha maelezo ya chipu kwa jina E9, na inafaa kuelezwa polepole. Mguu wa kuhisi husoma moja au sifuri. Kama hakuna kinachougusa, chipu yenyewe huuvuta chini kwa mkono mwepesi ili usome sifuri. Kwenye toleo la kwanza la RP2350, mguu uliowahi kupanda ulikuwa ukivutwa chini unakwama karibu na volti 2.2, kwa sababu kulikuwa na umeme mdogo unaovuja, kama mikroampea 120, wenye nguvu kuliko ule mkono mwepesi. Volti 2.2 kwa chipu ya volti 3.3 inasomeka kama moja. Yaani unamuuliza mlinzi kama kuna mtu getini, naye anajibu "yupo" saa nzima baada ya mgeni kuondoka.

Fikiria hilo kwenye boya la tangi.

Dawa ilikuwepo na haikuwa ghali: rezista ya nje ya kilo-omu 8.2 au chini yake, inayovuta kwa nguvu zaidi. Hata rezista isingehitajika kama ningegeuza waya, swichi ivute kwenda ardhini na mguu uvutwe juu. Nilijua yote hayo. Lakini mtu anayetafuta sababu ya kutofanya kazi haikosi. Nikasema nitangoja toleo lililorekebishwa.

Nikiwa nangoja, kampuni ilifanya jambo ambalo sijaona likifanywa na wengi. RP2350 ilikuja na ulinzi mpya: inaweza kukataa programu isiyo na saini ya mwenyewe, na ina mahali pa siri ambapo neno huandikwa mara moja tu. Badala ya kujisifu, Agosti 2024 huko Las Vegas kwenye mkutano wa wadukuzi wa DEF CON, walitangaza zawadi ya dola 10,000 kwa atakayeitoa siri hiyo. Mwezi ukapita bila mshindi, wakaongeza dau hadi 20,000. Januari 2025 wakatangaza washindi wanne, na wote wanne wakalipwa.

Mmoja wao, Aedan Cullen, aliukata kwa kitambo kidogo sana umeme wa sehemu inayosoma siri wakati chipu inaamka. Ikachanganyikiwa, na viini vya RISC-V vilivyokuwa vimefungwa milele vikafunguka vikiwa na ruhusa zote. Mwingine alitumia mwanga wa leza juu ya silikoni iliyovuliwa kasha. Kuna walioichimba chipu kwa miale ya chembe za umeme na kusoma siri kwa macho ya hadubini. Kwetu huku, ambako masanduku ya sola yanauzwa kwa kulipia kidogokidogo na kufungwa deni likichelewa, habari hii si ya Las Vegas pekee. Kila kufuli la aina hiyo liko ndani ya mikrokontrola fulani, na kila mikrokontrola ina bei ambayo mtu akiwa tayari kuigharamia itafunguka. Kazi ya mtengenezaji ni kuipandisha bei hiyo hadi isilipe.

Julai 2025 likatoka toleo A4. E9 imeondolewa. Mianya kadhaa iliyoonyeshwa na washindi imezibwa. Isitoshe, kampuni ikathibitisha rasmi kwamba miguu yake inavumilia volti 5, mradi chipu yenyewe iwe imewashwa. Nje ni chipu ileile, jina lilelile, tofauti ni herufi na namba ndogo unazozisoma kwa kioo cha kukuzia.

Hapo ndipo nilipaswa kuelewa, na sikuelewa hadi kuku wa Mama Zawadi walipolowa. Chipu bora ya RP2350 haikuwa ile iliyopigiwa vigelegele Agosti 2024. Ilikuwa ile iliyotoka kimyakimya mwaka mmoja baadaye. Na kama ukirudi nyuma, RP2040 nayo ilipita njia hiyohiyo: matoleo ya kwanza yalikuwa na kasoro ya USB iliyorekebishwa kwenye toleo B2, na kipimo chake cha volti kina mabonde manne yanayojulikana, kwenye namba 512, 1536, 2560 na 3584, ambako hesabu inayumba. Hayo mabonde hayakuondolewa kamwe ndani ya RP2040. Lakini yanajulikana. Fundi anayejua shimo lilipo barabarani hapasui tairi.

Wapenda magari wa kwetu wana busara hii bila kusoma kitabu: usinunue gari la mwaka wa kwanza wa umbo jipya. Waache wenzako wagundue linavunjika wapi, spea zifike, mafundi wazoee, ndipo ununue. Kwenye mikrokontrola busara hiyo ina uzito zaidi, kwa sababu gari ukilipeleka gereji linarekebishwa. Mtambo uliopachikwa ukutani mwa nyumba elfu kumi hauendi gereji.

Kwa hilo tuna ushahidi uliotugusa karibu wote. Mita za umeme wa kulipia kabla, LUKU kwa Tanzania na za tokeni kwa Kenya, zinatumia mfumo mmoja wa kimataifa wa tokeni zenye tarakimu 20. Ndani ya kila tokeni kuna muhuri wa wakati unaohesabu dakika kuanzia mwaka 1993, na walioubuni waliupa nafasi ya biti 24. Biti 24 zinabeba dakika 16,777,216, karibu miaka 32, nao wakati huo waliona inatosha na kusaza. Dakika zile zilikwisha 24 Novemba 2024. Ndiyo maana kabla ya siku hiyo TANESCO na Kenya Power waliwaomba wateja waingize namba za ziada kwenye mita kabla ya tokeni ya kawaida: zilikuwa zinaiambia mikrokontrola ya ukutani ianze kuhesabu upya. Uamuzi wa mtu mmoja mwenye kalamu miaka ya tisini ulifika sebuleni kwa bibi yangu.

Katika dunia hiyo, mwendo wa megahezi ni mapambo. Maswali ya maana ni mawili. Chipu hii itaendelea kutengenezwa hadi lini? Na kasoro zake zimeshaandikwa?

Simaanishi kwamba chipu ya tatu isitazamiwe. Naitazamia kama wengine, na nina maoni yangu. Kati ya RP2040 na RP2350 ilipita miaka mitatu na miezi saba. Ukihesabu kwa mwendo huo unafika Machi 2028, ingawa kampuni ambayo tangu Juni 2024 hisa zake zinauzwa kwenye soko la London inaweza kubanwa na wanahisa iharakishe.

Wengi wanaiombea redio ya ndani. Pico W ya Juni 2022 inapata waifai kutoka kwa chipu ya jirani iliyotengenezwa na Infineon, wakati Espressif wa Shanghai wameweka redio ndani ya chipu ileile tangu ESP8266 ya mwaka 2014, na kwa bei inayowapa wapinzani kichefuchefu. Siitegemei. Redio ni fani nyingine, ina vibali vyake kila nchi, na Espressif wameshakalia kiti hicho. Anayetaka waifai ya bei nafuu leo anunue ESP32, aache kungoja.

Hifadhi ya ndani ndiyo inayonipa shauku zaidi, kwa sababu ina fumbo la kweli. RP2040 na RP2350 zinachongwa Taiwan kwa kipimo cha nanometa 40, kikubwa mara nyingi kuliko cha chipu za simu mpya. Kwa nini wasipunguze? Kwa sababu hifadhi ya kudumu ya aina ya flashi inahitaji volti kubwa na tabaka za ziada ambazo hazikubali kufinywa. Karibu na nanometa 28 hesabu inagoma. Ndiyo maana RP2354 ina vipande viwili vya silikoni ndani ya kasha moja, kimoja juu ya kingine, kama ndizi kwenye sinia. STMicroelectronics waliamua kupita njia nyingine: Machi 2024 walitangaza na Samsung kuchonga mikrokontrola kwa nanometa 18, wakitumia hifadhi inayoandika kwa kuyeyusha na kugandisha madini. Raspberry Pi wakihama kutoka nanometa 40, watalazimika kujibu swali hilohilo, na jibu lao litatuambia kama wanalenga wanafunzi au viwanda.

Jambo la tatu ni kulala. Chipu ya mkulima inayopima unyevu wa udongo inafanya kazi sekunde moja kwa saa na inalala zilizobaki. RP2040 ilikuwa na usingizi mwepesi kama wa mama mwenye mtoto mchanga. RP2350 imejifunza kulala vizuri zaidi, lakini kuna wapinzani wanaoweza kukaa miaka kwenye betri ya saa. Kama chipu ya tatu italeta kitu kimoja tu, ningependa kiwe hicho. Na bei isiguswe: RP2350 ya kawaida ikinunuliwa kwa roli ya 3,400 ni senti 80 za dola, senti kumi tu juu ya ndugu yake.

Huku kwetu chipu haichongwi, kuna kuunganisha. Nairobi, kampuni ya Gearbox Europlacer imekuwa ikiunganisha baadhi ya bidhaa za Raspberry Pi, na Nyeri, kwenye Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, kuna Semiconductor Technologies Limited wanaojaribu hatua ya ndani zaidi. Kwa mtengenezaji wa Arusha au Kisumu anayetaka kuuza mita za maji mia tano, hata hivyo, swali la asubuhi ni dogo: chipu niliyoichora kwenye bodi yangu nitaipata miaka kumi ijayo? Kampuni imejibu kwa maandishi: RP2350 itatengenezwa hadi angalau Januari 2045. Kwangu ahadi hiyo ina thamani kuliko kiini chochote cha RISC-V.

Jumapili ile sikurudi kulala. Nilishusha kopo la biskuti, nikakung'uta vumbi. Juu ya chipu, kwa kioo cha kukuzia, maandishi yanasomeka RP2-B2, toleo lililokwisha kurekebishwa siku nyingi kabla sijalinunua. Kuandika programu kulichukua dakika arobaini, nyingi zikiwa za kutafuta miwani. Boya nililifunga sentimita 10 chini ya mdomo wa tangi. Niliweka kuchelewa kwa sekunde tano ili mawimbi ya maji yasiifanye pampu iwake na kuzima kama taa ya disko. Rilei ndogo inaamsha kontakta, kontakta ndiyo inayobeba pampu, na upande wa volti 230 nilimwachia fundi umeme kwa sababu nina watoto. Saa sita mchana tulifungua bomba, tukasimama tukitazama juu kama watu wanaotafuta mwezi wa Idi. Boya likapanda. Tukahesabu hadi tano. Pampu ikanyamaza.

"Hiki kidude kilikuwa kabatini muda wote huo?" Mama Zawadi akauliza.

Kilikuwepo. Mfuko wa chakula cha kuku nimeshampelekea. Pico ya 2023 sasa iko ukutani ndani ya kopo la plastiki, ikiendeshwa na chipu ya 2021, ambayo watengenezaji wake wameahidi kuendelea kuitoa hadi angalau Januari 2041.